Landrova ya Itungi na Makosa Arobaini na Moja

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya kwa sumaku, mbele ya watu wasiopungua ishirini. Nililifanya kwa kujiamini mno, na hata leo nikilikumbuka nafunika uso kwa viganja, hata kama niko peke yangu shambani katikati ya mikakao.

Nilikuwa na miezi minane tu katika ufundi wa bodi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba ukitaka kujua kama gari limejazwa puti, ile dawa laini ya kuzibia mashimo ya bodi, pitisha sumaku juu ya bodi. Penye bati itanata, penye puti itaanguka. Basi nikapasua spika mbovu, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kamba na kuivaa shingoni kama daktari. Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja aliyehamishiwa Kyela kutoka Tanga akaniletea Landrova ya zamani aliyotaka kuinunua, akaniomba niikague. Nikaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Nikaweka kwenye ubavu wa nyuma, ikaanguka. Nikalizunguka gari zima na sumaku ikawa inaanguka kama embe bovu. Nikapanda juu ya tairi, nikakohoa, nikatangaza:

"Mwalimu, gari hili lote ni puti! Halina bati hata la kufunikia kikombe! Likinyeshewa na mvua ya huku kwetu litayeyuka!"

Watu wakashika vinywa. Mwenye gari akaacha kumenya ndizi. Mwalimu wa watu akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka akiamini nimemwokoa. Ndipo kutoka upande wa pili wa uzio wa mabati ikaja sauti ya Fundi Ipyana, jirani yangu mwenye gereji kubwa:

"Wewe kijana! Na sufuria za mama yako nazo ni puti?"

Bodi ya Landrova ya zamani ni aluminiamu, wadogo zangu, na sumaku haishiki aluminiamu. Haya, mmeshajua, na mmejua bila kupanda juu ya tairi.

Mmeniomba niwaandikie yale niliyojifunza, ninyi mnaoanza ufundi pale mjini, na najua mmoja wenu alicheka aliposikia nimestaafu. Cheka tu. Nina miaka thelathini na mitano na nimestaafu kweli. Nilichomelea miaka kumi na mitatu, na katika hiyo minne ya mwanzo nilitumia miwani ya jua ya sokoni badala ya kioo cha kuchomelea, kwa sababu kwenye video niliyojifunzia yule jamaa alikuwa amevaa kitu cheusi na mimi nikaona cheusi ni cheusi. Macho yakaanza kulia yenyewe mchana kweupe. Wateja walidhani nawahurumia. Daktari akaniambia niache, nikaacha, na sasa nalima kakao Ngana. Mkisahau mengine yote, nunueni kioo kabla hamjanunua mashine.

Sikuwa na mwalimu. Nasema hivyo, lakini nilikuwa na uzio. Fundi Ipyana alikataa kunifundisha, akasema vijana wanajifunza kwake kisha wanafungua gereji mbele ya mlango wake. Basi nikafungua gereji yangu ubavuni mwake, tukatenganishwa na mabati yenye matundu ya misumari. Asubuhi nilichungulia kwenye tundu la chini kuona anavyoshika nyundo. Mchana jua lilinipiga machoni, nikawa nasikiliza tu. Nilijifunza kutofautisha kwa sikio chuma kizima na chuma kilicholiwa. Kizima kinaita, tiiing, sauti inakwenda mbele na kurudi. Kilicholiwa kinasema pwa, na hakiongezi neno.

Nilidhani hajui kama namwiba. Siku moja nikamsikia akizungumza peke yake kwa sauti ya mhubiri: "SASA NAGONGA KUANZIA NYUMA KWENDA MBELE! KUTU HUANZIA NYUMA, KWA SABABU NYUMA NDIKO TOPE HULALA!" Nikabandua jicho kwenye tundu. Kisha akaongeza, taratibu: "Nkamu, ukichungulia usiegemee bati. Linalia."

Hivyo ndivyo nilivyosoma, nkamu kwa nkamu, yaani ndugu kwa ndugu, tukiwa na bati katikati.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu, maana labda nanyi mnao. Baada ya aibu ya sumaku niliapa sitakosea tena. Mtu akiniletea gari la kukagua, nilikagua kila kitu. Niliandika kwenye daftari. Nilihesabu skrubu za kibao cha namba. Nilinusa viti. Na kwa kuwa hakuna gari la miaka arobaini lisilo na kasoro, kila mteja nilimpa jibu moja: usinunue. Bajaji, usinunue. Pikapu, usinunue. Bibi mmoja wa Njisi aliniletea baiskeli, nikamwambia asinunue. Watu wakanibatiza Bwana Usinunue. Mimi nilijiona mwangalifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Ukisema usinunue, hakuna atakayerudi kukulaumu, kwa sababu hakuna gari la kuharibika.

Ndipo akaja Mama Tumpale.

Mama Tumpale alikuwa mjane wa Ngana mwenye kakao na mpunga, mwanamke mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Niliwahi kumwona mara nyingi kabla hajaja, kwa sababu msafara wake mjini haukuwa wa kusahaulika. Mbele ilikuja pikipiki ikiwa imembeba baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, aliyefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva kama mtoto, maana nyonga zake zilikuwa zimekufa ganzi na alitakiwa kliniki kila wiki mbili. Nyuma kabisa, hatua mia moja hivi, ilikuja pikipiki ya pili na Mama Tumpale juu yake, na vyeti vya mzee kifuani. Dereva wa pili aliagizwa asisogee hata kidogo. Wa mbele akisimama, naye asimame. Siku hizi wengi wameiacha mila hii, lakini katika nyumba yao bado ilikuwa hai: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hakai naye karibu, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaacha njia. Chakula cha mzee kilipelekwa na wajukuu. Miaka kumi na tisa alikuwa amemtunza mzee huyo na hakuwahi kuuona uso wake vizuri.

"Fundi," akaniambia, "mwezi uliopita yule mzee wetu ameanguka na pikipiki kwenye tope, pale penye mteremko. Nimemwona kwa mbali yuko chini, na sikuweza kwenda kumwinua. Nimesimama kwenye migomba napiga kelele watu waje."

Alisema hivyo bila kulia, akiangalia nyundo zangu.

"Masika yanakuja. Akianguka tena hatainuka. Itungi kuna Landrova. Ya pikapu, mbele kuna chumba cha dereva, nyuma kuna turubai. Yeye mbele, mimi nyuma. Nimeuza ng'ombe wangu wawili. Nenda ukaniambie ninunue au nisinunue."

"Mama, kwa kawaida mimi huwa nasema..."

"Najua unachosema. Ndiyo maana nimekuja kwako. Ukisema ninunue, nitaamini."

Jamani! Mnaona mtego huo? Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi.

Landrova yenyewe ilikuwa imeegeshwa chini ya banda la mabati, si mbali na bandari, kwa mzee mmoja aliyewahi kuhudumia injini za meli enzi meli zikiondoka Itungi kwenda kusini. Wote walimwita Injinia. Alipofunua turubai nililizunguka gari mara mbili. Lilikuwa zuri! Taa mbili zimekaa karibukaribu kama macho ya bundi, boneti imebeba tairi la akiba, usukani mwembamba mkubwa kama sinia. Kutu ilikuwa imelipaka rangi ya chai kwenye fremu za milango. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria, mayai manne.

"Mayai hayamo katika bei," alisema Injinia.

"Linawaka?"

"Kijana, mimi nimewasha meli." Akafunga betri, akavuta chok, akasema nalo maneno fulani ya Kinyakyusa ambayo mama yangu asingependa niyaandike. Likakohoa, likatema moshi na buibui mmoja, likawaka. Likanguruma! Nilijikuta napiga makofi. Halafu nikakumbuka mimi ni nani, nikatoa daftari.

Injinia akanionya jambo moja. Alikuwa amechoka kulitazama. Kama mama asingelichukua kufikia Jumamosi, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Mbeya angekuja na mtungi wa gesi kulikata vipande.

Hapa nisimame niwape la kazi. Ukienda kukagua gari la kutu, usianze na rangi na usianze na injini. Injini ni ya kukubembeleza. Tandika gunia, lala chini, uwe na tochi, nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na ndoo ya maji. Gari la namna hii bodi yake hailiwi na kutu, ila chesisi, mgongo unaobeba gari lote, ni chuma, na ni chuma chenye uwazi ndani kama bomba. Ziwa letu halina chumvi, msidanganywe na watu wa pwani. Kinachokula magari yetu ni tope na pumba za mpunga vinavyoingia kwenye uwazi ule na kulala humo vikiwa vibichi mwaka baada ya mwaka. Na ukikuta chesisi imepakwa lami mpya, nyeusi inang'aa, simama uondoke, au ukwangue.

Landrova ya Injinia haikupakwa lami. Nilimwaga maji kwenye tundu la chesisi, upande wa juu, nikasubiri yatokee nyuma. Yakatoka meusi, kisha pumba, kisha panya aliyekasirika, kisha, naapa, mche wa mpunga wenye majani matatu. Ulikuwa umeota ndani ya gari. Injinia aliucheka mpaka akakaa chini. "Hilo gari lina rutuba!"

Nilikagua siku tatu. Siku tatu, jamani! Nilikuwa naenda asubuhi na ndizi zangu za kuchoma na kurudi jioni nikiwa mwekundu wa kutu kama mtu aliyepakwa kwa ajili ya ngoma. Nilijaza kurasa saba. Makosa arobaini na moja. Kosa la kwanza: kioo cha upande kimefifia. La tisa: honi inalia kama mbuzi. La ishirini na mbili: kishikio cha mlango wa kushoto si sawa na cha kulia. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, nikapigia mistari kwa rula. Nilijivunia orodha ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Jumamosi asubuhi tukakutana wote bandani. Mama Tumpale alikuja amevaa kitenge kipya, fedha ameifunga kiunoni. Yule wa chuma chakavu alikuwa ameshafika, jitu limevaa kofia ya sufu kwenye joto lile la ziwani, na alikuwa ameshashusha mtungi wake wa gesi na kuukalia.

"Mugonile," akatusalimia kwa Kinyakyusa chake cha kujifunza. "Mimi sina haraka. Nakata kwa dakika arobaini tu."

"Fundi, sema," akasema Injinia.

Nikafungua daftari. "Kosa la kwanza. Kioo cha upande..."

Nilifika kosa la sita. Mama Tumpale aliinua mkono.

"Funga hilo daftari."

"Mama, bado thelathini na tano."

"Funga. Katika hayo yote, nionyeshe lile litakalomwangusha yule mzee barabarani. Hilo tu. Liguse kwa kidole."

Wadogo zangu, nilisimama pale nimefungua mdomo kama samaki wa kwenye beseni. Nikapekua kurasa zote saba. Nilikuwa nimeandika honi na kishikio na breki mstari mmoja mmoja, kwa urefu uleule, kama watoto wa darasa moja. Yule wa chuma chakavu akacheka puani. Nikatupa daftari kwenye kiti, juu ya mayai, mawili yakapasuka, na nikaingia chini ya gari kwa tumbo.

Breki kwanza. Paipu zake zilikuwa zimelika, naweza kuzivunja kwa vidole. Hizo zinaua. Lakini paipu za breki zinauzwa, zinafungwa kwa siku moja. Kiungo cha usukani kinacheza. Kinaua. Nacho kinauzwa. Nikajivuta nyuma, mahali spring inaposhikiliwa na chesisi. Nikachoma bisibisi. Ikaingia mpaka kwenye mpini.

Moyo wangu ukaingia nayo. Hapo pakikatika, ekseli ya nyuma, inayobeba tairi, inahama na gari linakwenda linakotaka. Mahali penyewe panachomeleka, lakini tu kama chuma kinachofuata ni kizima, ili kiraka kipate pa kushika. Nikagonga. Nikasikia kitu. Masikio yalikuwa yanavuma kwa hofu kiasi kwamba sikujua kama nimesikia tiiing au pwa. Basi nikafanya jambo la mtu aliyesomea uzioni. Nikampigia Fundi Ipyana simu.

"Fundi, naomba unisikilizie."

"Unalia nini?"

"Silii, niko chini ya gari. Sikiliza." Nikaweka simu juu ya chesisi, nikagonga.

"Pwa," akasema Ipyana. "Sogea kiganja kimoja mbele."

Nikagonga.

"Pwa pwa. Sogea."

Nikagonga. Juu yangu nilisikia miguu ya Injinia imesogea karibu. Hata yule wa mtungi alikuwa ameinama anachungulia.

"Rudia hapo," akasema Ipyana. "Kwa nguvu, acha kubembeleza."

Nikagonga kama mtu anayegongea mlango wa mdeni. Chesisi yote ikaita, tiiiing, mpaka bampa la mbele.

"Hapo kuna chuma," akasema Ipyana. "Kilicholiwa, ulichokuwa unagonga mwanzo, ni viganja viwili tu. Kata, weka bati nene, chomelea pande zote. Lakini kwanza jaribu jeki."

Jaribio la jeki ni hili. Weka jeki katikati ya chesisi, nyuma ya kiti cha dereva, inua mpaka tairi za nyuma zikaribie kuacha ardhi, kisha fungua na kufunga mlango. Chesisi ikiwa imechoka, itapinda kidogo na mlango utagoma. Nikainua. Nikatoka, nikashika kishikio, kilekile kisichofanana na mwenzake. Nikafungua. Nikafunga. Ka-chak. Nikafungua tena. Ka-chak. Nilifanya mara kumi na nne, nawaapia, mpaka Injinia akasema, "Kijana, unautaka mlango au gari?"

Simu bado ilikuwa hewani. "Fundi Ipyana," nikasema, "kwa hiyo anunue?"

"Mimi sijaliona. Nimesikia chuma na nimekusikia wewe unavyopumua. Chuma kipo. Umebaki wewe." Akakata.

Nikamgeukia Mama Tumpale. Nilitaka siku moja zaidi. Nilitaka kukagua ekseli ya mbele upya. Yule wa mtungi akasimama, akapangusa suruali. Na mimi nikasema, kwa sauti nyembamba ambayo sikuitambua:

"Nunua, mama."

"Nini?"

"Nunua."

"Sema tena huyu wa gesi asikie."

"NUNUA!" nikapiga kelele, kuku akaruka, na kwa sababu nisiyoijua nikaanza kucheka, na Mama Tumpale akacheka kicheko chake kile, na Injinia, na yule mtu wa kofia ya sufu akacheka pia huku akipakia mtungi wake, maana hata yeye, alisema, gari lile lilimtia huruma.

Matengenezo yalinichukua siku kumi na mbili. Viganja viwili vya chesisi nilivikata na kuvichomelea, Fundi Ipyana akaja kuvigonga mwenyewe na kuondoka bila kusema lolote, na kwake huo ulikuwa wimbo wa sifa. Nilitaka pia kupaka rangi. Mama Tumpale akakataa kwa ukali: "Sikukuita kwa rangi. Linatembea lini?" Nikamtii, isipokuwa kidogo. Kwa mlango mmoja nilishindwa kujizuia. Niliupiga msasa na kuupaka kijani, tabaka tatu, ukang'aa kama kioo. Basi gari likatoka gereji rangi ya chai ya maziwa, na mlango mmoja wa kijani kama jino la dhahabu.

Safari ya kwanza ya kliniki niliendesha mwenyewe. Nilifika Ngana asubuhi kukiwa na manyunyu. Wajukuu wakampandisha Mzee Ambakisye mbele. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia, akagusa dashibodi kwa vidole vyote kumi. "Ndaga, fundi. Ndaga fijo," akanishukuru. Mama Tumpale akatokea nyuma ya nyumba, akazunguka mbali kupitia kwenye migomba, akaingia nyuma chini ya turubai, akakaa juu ya magunia ya kakao. Kila mtu mahali pake. Nilijaa fahari. Nikaondoka.

Mteremko wenye tope tuliushuka kama mkono unavyoteleza kwenye sabuni, na breki zikashika. Lakini mzee hakuwa sawa. Alikuwa amejikunja, shingo imeingia kwenye mabega, koti amelivuta mpaka juu ya kofia.

"Mzee, unaumwa?"

"Endesha tu."

"Nikusogeze dirishani upate hewa?"

"Endesha, mwanangu!"

Ndipo nyuma kukagongwa bati kwa ngumi. "Fundi! Simamisha!"

Nikasimamisha, nikakimbia nyuma, nikafunua turubai. Mama Tumpale alikuwa amelala kifudifudi sakafuni katikati ya magunia, kitenge juu ya kichwa.

"Mama! Umeanguka?"

"Kioo!" akanong'ona. "Kile kioo!"

Nikageuka. Nyuma ya kiti cha dereva, katikati ya chumba cha mbele na sehemu ya nyuma, kulikuwa na kioo. Kikubwa tu, upana wa sinia la pilau. Nilikuwa nimekisafisha mwenyewe kwa gazeti na majivu mpaka kikapotea machoni. Siku tatu za kukagua, kurasa saba, makosa arobaini na moja, na kitu pekee kilichoweza kuwafanya hawa wawili waonane hakikuwemo. Kutoka Ngana mpaka pale, mzee mbele alikuwa anajificha asionekane, na mkwewe nyuma alikuwa anajificha asione, na mimi katikati nawapigia miluzi.

Nilivua overoli yangu palepale barabarani, nikabaki na bukta na fulana, mvua inaninyunyizia, nikaifunga juu ya kioo kwa waya. Waendesha bodaboda wawili walipita wakashangilia. Nikarudi kwenye usukani.

Tukaondoka. Mzee akalishusha koti. Akakohoa.

"Fundi, hebu muulize huyo aliyeko nyuma kama ameumia."

Walisikiana vizuri kabisa, overoli haizuii sauti. Lakini nilijua kazi yangu. "Mama! Mzee anauliza kama umeumia!"

"Mwambie hapana."

"Anasema hapana, mzee."

Tukavuka daraja. "Mwambie kwamba siku ile nilipoanguka," akasema mzee, "nilisikia sauti yake kwenye migomba."

Nikarudia, neno kwa neno. Nilifikiri injini imemeza maneno, nikavuta pumzi nirudie.

"Aliyeko nyuma amesikia," akasema Mama Tumpale. "Mwambie amesikia."

"Mwambie gari ni zuri," akasema mzee. "Na huu mlango wa kijani ni wa nini?"

Nyuma ya overoli yangu nikasikia kicheko kikubwa, na mzee naye, akitazama mbele barabarani, mabega yakaanza kumtikisika.

Nilifanya kazi miaka mingine sita baada ya pale. Niliwaambia watu wengi wanunue. Mara mbili nilikosea, na mara zote mbili waliorudi kunilaumu niliwatengenezea. Kabla ya kugusa gari nilimuuliza mteja kwanza nani atapanda, atakaa wapi, na anaogopa nini. Mzee Ambakisye hajapanda tena pikipiki, na mimi, mpaka naacha kazi, nilikuwa namaliza kukagua gari kabla ya chakula cha mchana.